Mtoto Akinyonya Zaidi, Maziwa Huongezeka: Mazungumzo kwa Akina Mama na Familia za Mai Mahiu

Haya ni maandishi kamili ya mazungumzo ya afya yaliyotayarishwa kwa wakazi wa wadi ya Mai Mahiu, Kaunti Ndogo ya Naivasha. Yanaweza kusomwa kliniki, barazani, kanisani, msikitini au katika chama cha akina mama.



Kuna malalamiko ambayo wauguzi wa kliniki za watoto huyasikia karibu kila siku: "Maziwa yangu ni kidogo, mtoto hashibi." Mama husema hivyo mtoto akiwa na wiki mbili au tatu. Jirani humshauri aongeze maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Nyanya huleta uji mwepesi. Mtoto akishapewa vitu hivyo hunyonya kidogo, na baada ya siku chache maziwa ya mama hupungua kweli. Mwezi ukiisha, mtoto anaharisha, familia inanunua maziwa ya kopo isiyoyamudu, na mama anaamini kwamba mwili wake umeshindwa.

Mara nyingi mwili wake haukushindwa. Ulipewa habari potovu kwamba mtoto hahitaji maziwa mengi, nao ukatii.

Kenya imepiga hatua kubwa katika jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2003 ulionyesha kwamba watoto 13 tu kati ya 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Mwaka 2014 idadi ilikuwa imefika 61 kati ya 100. Lakini uchunguzi wa mwaka 2022 ulipata 60. Safari imesimama njiani, na moja ya sababu za kukwama ni hofu hii ya maziwa kutotosha.

Jinsi maziwa yanavyotengenezwa

Kila mtu hapa anajua jerikani la maji: ukichota, yanapungua. Titi hufanya kazi kinyume chake. Maziwa yanapotolewa, titi hutengeneza mengine. Yanapoachwa yakae, titi hupunguza kazi.

Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Ya kwanza ni prolaktini, ambayo huamrisha titi litengeneze maziwa. Homoni hii hutoka kwa wingi zaidi usiku, na ndiyo sababu mama anayenyonyesha usiku hulinda maziwa ya mchana pia. Ya pili ni oksitosini, ambayo huyasukuma maziwa yatoke. Oksitosini hupenda utulivu. Mama akimwona mtoto wake, akimgusa au hata akimsikia akilia, maziwa yanaweza kuanza kudondoka yenyewe. Akiwa na maumivu makali, hofu au aibu, maziwa huchelewa kutoka hata kama yamo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kuongeza maziwa ni kumnyonyesha mtoto mara nyingi: mara 8 hadi 12 kwa mchana na usiku, kila anapotaka, bila kungoja alie. Mtoto anayegeuza kichwa akitafuta, anayetoa ulimi au anayenyonya vidole tayari ana njaa. Kilio ni dalili ya mwisho. Aachwe amalize titi la kwanza, kisha apewe la pili. Hata mama wa pacha anaweza kuwatosheleza wote wawili, kwa sababu midomo miwili huomba maziwa mara mbili.

Saa ya kwanza na siku za mwanzo

Kazi huanza chumba cha kujifungulia. Mtoto anafaa kuwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kuanza kunyonya ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa. Mama aliyejifungua kwa upasuaji pia anaweza kufanya hivyo akisaidiwa, mara tu anapokuwa macho.

Maziwa ya kwanza, yaani dang'a, ni mazito, ya manjano na machache. Zamani baadhi ya familia ziliyamwaga zikidhani ni machafu. Dang'a ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Uchache wake si kasoro, kwa maana tumbo la mtoto mchanga ni dogo sana na matone hayo yanamtosha. Maziwa mengi huja kati ya siku ya pili na ya nne, na kwa mama wa mtoto wa kwanza au aliyefanyiwa upasuaji yanaweza kuchelewa kidogo. Siku hizo za kungoja ndizo ambazo familia nyingi hukosa subira na kumpa mtoto maji ya sukari. Asipewe. Aendelee kunyonya.

Kumpakata mtoto sawasawa

Mtoto anaweza kukaa kwenye titi saa nzima na bado asipate kitu, ikiwa ameshika chuchu peke yake. Mama naye huumia, chuchu hupasuka, na kila mara ya kunyonyesha humtia hofu.

Mtoto alazwe akimwelekea mama, tumbo lake likigusa tumbo la mama, kichwa na mwili vikiwa katika mstari mmoja. Mama aguse mdomo wa mtoto kwa chuchu, angoje afungue mdomo wote, ndipo amvute kwake. Mdomo uchukue chuchu pamoja na sehemu kubwa ya weusi unaoizunguka, hasa upande wa chini. Kidevu kiguse titi, na mdomo wa chini ugeuke nje. Akishika vizuri, mama husikia mvuto bila maumivu, na mtoto huonekana akimeza. Ikiuma, mama aingize kidole kisafi pembeni mwa mdomo wa mtoto, amtoe polepole na kuanza upya. Muuguzi yeyote wa kliniki anaweza kuombwa atazame mtoto anavyonyonya. Dakika hizo chache mara nyingi humaliza tatizo zima.

Je, ni kweli hayatoshi?

Matiti kuwa laini baada ya wiki chache si ishara kwamba maziwa yameisha. Mwili umejifunza tu kiasi anachohitaji mtoto. Mtoto kutaka kunyonya kila mara kwa siku mbili au tatu pia si ishara hiyo. Watoto hufanya hivyo wanapokua kwa haraka, na kunyonya huko huongeza maziwa. Vilevile, mama kukamua na kupata kidogo hakuthibitishi kitu, kwa kuwa mdomo wa mtoto unajua kazi hiyo kuliko mkono.

Ishara za kutegemea ni mbili. Ya kwanza ni mkojo: baada ya siku tano za mwanzo, mtoto anayenyonya maziwa pekee anafaa kukojoa mara sita au zaidi kwa mchana na usiku, mkojo ukiwa wa rangi hafifu. Ya pili ni uzani. Watoto wengi hupungua kidogo siku za kwanza, kisha hurudia uzani wa kuzaliwa wanapokaribia wiki mbili. Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto kina mchoro wa uzani, na mstari ukipanda, maziwa yanatosha.

Njahi, uji na supu

Wazee wa sehemu hii wana hekima yao. Katika familia za Wakikuyu, mama aliyejifungua hupikiwa njahi. Wengine humletea uji wa wimbi, supu ya mifupa, chai ya maziwa au mboga kama terere na managu. Vyakula hivi ni vizuri na viendelee kupikwa. Ila hakuna chakula kimoja chenye uwezo wa kuleta maziwa ikiwa mtoto hanyonyi. Kazi ya chakula ni kumpa mama nguvu, damu na afya, na sahani ya njahi inayoletwa na mama mkwe mwenye upendo huleta pia ule utulivu ambao oksitosini inauhitaji.

Mama anayenyonyesha anafaa kula milo yake ya kawaida na kuongeza miwili midogo kila siku: kikombe cha uji, ndizi, parachichi, yai, viazi vitamu au githeri iliyobaki. Anywe kila anapohisi kiu. Kujilazimisha kunywa maji mengi kupita kiasi hakuongezi maziwa. Pombe hupunguza kutoka kwa maziwa na humfikia mtoto, na sigara pia zina madhara.

Mama asiye na chakula cha kutosha asiambiwe kwamba maziwa yake hayafai. Hata mama aliyekonda hutoa maziwa mazuri. Anayefaa kulishwa kwanza hapo ni mama.

Maji ya Mai Mahiu

Jina Mai Mahiu kwa Kikuyu maana yake ni maji moto, lakini wakazi wanajua kwamba maji safi hapa ni ya kutafutwa. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina madini ya floraidi, ambayo yakizidi huharibu meno yanapokuwa bado yanaota ndani ya ufizi, yakatoka na madoa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani linashauri yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha maji huua viini vya maradhi lakini hakuondoi floraidi.

Hapa maziwa ya mama yana faida ambayo pesa hazinunui. Mwili wa mama huchuja: hata anapokunywa maji yenye floraidi, inayofika kwenye maziwa yake ni kidogo mno. Maziwa ya unga yanayokorogwa kwa maji ya kisima humpa mtoto floraidi yote iliyomo ndani ya maji hayo. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 85 ya maziwa ya mama ni maji, mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa, hata wakati wa jua kali na vumbi la Januari. Kila kijiko cha maji hujaza nafasi ya maziwa na kupunguza kunyonya.

Mama anayefanya kazi

Mai Mahiu ni mji wa njia panda. Kuna mama anayeuza mahindi ya kuchoma kwa madereva wa malori, mwenye kibanda cha mboga, anayeosha vyombo hotelini, na anayepanda gari alfajiri kwenda mashamba ya maua ya Naivasha. Kwao, ushauri wa kunyonyesha mara kumi kwa siku unaweza kusikika kama dhihaka. Lakini njia ipo.

Anayejiajiri akiweza aende na mtoto, au aletewe mara mbili tatu kwa siku. Aliyeajiriwa ajue haki zake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa miezi mitatu ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na ampe mama muda wa kufanya hivyo mbali na muda wa kula, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa nane za kazi. Muda huo huhesabiwa kuwa wa kazi na haukatwi kwenye malipo.

Wiki mbili kabla ya kurudi kazini, mama aanze kujifunza kukamua kwa mkono. Anawe mikono kwa sabuni, akande titi taratibu, aweke kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya weusi wa titi, abonyeze kuelekea kifuani, kisha abane na kuachilia. Asivute chuchu. Mwanzoni hutoka matone, kisha huanza kuchuruzika. Akiwa kazini akamue karibu kila baada ya saa tatu, hata kama hana mahali pa kuhifadhi, kwa sababu kukamua ndiko kunakoufahamisha mwili kwamba mtoto bado yupo.

Maziwa yaliyokamuliwa yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Yanaweza kukaa saa 6 hadi 8 mahali penye ubaridi na kivuli, na hadi saa 72 kwenye friji. Penye joto yatumiwe mapema. Yapashwe moto kwa kuweka chombo ndani ya maji ya vuguvugu, yasichemshwe. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, si chupa, maana chupa ni ngumu kusafisha na humsahaulisha mtoto jinsi ya kushika titi. Jioni na usiku anyonye kwa wingi, na siku za mapumziko anyonye siku nzima.

Hofu na huzuni

Alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa na tuta la reli kule Old Kijabe yalipata njia na kuteremka hadi Kamuchiri. Makumi ya watu walifariki na familia nyingi zikabaki bila makao. Wakazi hawahitaji kukumbushwa. Linalofaa kusemwa hapa ni kwamba wakati wa janga, imani husambaa kwamba mshtuko umeyakausha maziwa ya mama au umeyaharibu.

Mshtuko hauharibu maziwa, wala haukaushi titi. Unachofanya ni kuzuia oksitosini kwa muda, na maziwa yaliyomo yakakawia kutoka. Mama aliyeogopa au kufiwa anahitaji mahali pa faragha, blanketi, chakula, mtu wa kuketi naye, na mtoto wake awekwe kifuani. Akiendelea kunyonyesha, maziwa hurudi kutoka kama kawaida. Kumgawia maziwa ya kopo kambini, penye maji machafu na bila jiko, ni kumwongezea hatari juu ya msiba. Mwenye moyo wa kusaidia ampelekee mama chakula chake mwenyewe. Watoto wasio na mama, au walio na sababu maalum, watatengewa chakula chao na wahudumu wa afya.

Hata mama aliyeacha kunyonyesha kwa wiki kadhaa anaweza kuanza tena. Mtoto huwekwa kwenye titi mara 8 hadi 12 kwa siku, huku akiendelea kulishwa kwa kikombe chakula alichozoea, kinachopunguzwa polepole mtaalamu akifuatilia uzani wake. Huchukua siku kadhaa, pengine wiki.

Ikiwa huzuni haiondoki, mama hali, halali, au anawaza kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa unaotibika. Apelekwe hospitalini, asisemwe.

Mama anayeishi na VVU

Mama anayetumia ARV kama alivyoelekezwa anashauriwa kumnyonyesha mtoto maziwa pekee kwa miezi sita, kisha aongeze vyakula vingine huku akiendelea kunyonyesha hadi miezi 24. Mtoto pia hupewa dawa za kinga na kupimwa kwa ratiba. Hatari ni kuacha dawa, na pia kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine kabla ya miezi sita. Majirani wanaomdadisi mama kwa nini ananyonyesha au hanyonyeshi humvunja moyo bure.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Mama aende mapema ikiwa mtoto anakojoa chini ya mara sita kwa siku baada ya wiki ya kwanza, analala sana na hataki kunyonya, au hajarudia uzani wake baada ya wiki mbili. Aende pia ikiwa titi limevimba, lina joto na wekundu, na ana homa. Katika hali hiyo aendelee kunyonyesha titi hilo, maana kuliacha lijae huzidisha uvimbe.

Zipo sababu za kiafya zinazopunguza maziwa kweli: kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, kipande cha kondo kubaki tumboni, matatizo ya tezi ya shingo, upasuaji wa titi, baadhi ya dawa za mafua, na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni. Ndiyo maana mama anayenyonyesha amwambie mhudumu hivyo kabla ya kupewa dawa yoyote. Zipo pia njia za kupanga uzazi zisizogusa maziwa.

Tahadhari moja zaidi. Kuna vidonge vya kuzuia kutapika vinavyouzwa kimyakimya vikisemwa kwamba huleta maziwa. Baadhi vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo, na vingine humtia mama huzuni nzito. Visinunuliwe bila daktari.

Na mama ambaye amefanya yote na maziwa bado hayatoshi hana lawama. Wataalamu watamwelekeza jinsi ya kumwongezea mtoto chakula kwa usalama, na kile kidogo anachotoa kiendelee kutolewa, kwa kuwa kila tone lina kinga.

Mkono mmoja haulei mwana

Maziwa hutoka kwa mama, lakini muda wa kuyatoa hutolewa na nyumba nzima. Baba anayechota maji, anayefua, anayemtazama mtoto mkubwa na kumletea mama uji usiku anaongeza maziwa. Nyanya anayemwambia mkaza mwana, "Unaweza, hata mimi nilipitia hapo," anaongeza maziwa kuliko yule anayekuja na kijiko cha uji mtoto akiwa na miezi miwili. Mwenye hoteli anayemruhusu mama aketi pembeni na kunyonyesha bila kutazamwa vibaya ametoa mchango wake.

Sheria nayo iko upande wa mama. Tangu mwaka 2012, Kenya ina sheria inayokataza kutangaza maziwa ya kopo ya watoto wachanga kwa umma. Anayewashawishi akina mama kliniki au dukani wayanunue anavunja sheria hiyo.

Kila mwaka, tarehe 1 hadi 7 Agosti, dunia huadhimisha Wiki ya Kunyonyesha. Mai Mahiu haina haja ya kungoja Agosti. Kila nyumba yenye mtoto wa chini ya miezi sita ianze leo usiku: titi zaidi, kijiko kando. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji aitwe amtembelee mama, na mtoto apelekwe kupimwa uzani kila mwezi katika kituo cha afya kilicho karibu. Mama akisema maziwa ni kidogo, swali la kwanza la kumwuliza kwa upole liwe hili: mtoto amenyonya mara ngapi tangu jana?